Core 2 Duo, 8300, X230 au mini: mashine ipi kuukuu inafaa kuendesha Unix?

Swali: Nina duka la kuchapisha na saiba hapa Kondele, Kisumu. Nataka kujifunza Unix kwa kina, nianze na FreeBSD kisha OpenBSD (mifumo endeshi huria ya ukoo wa Unix), na mashine hiyo hiyo ibaki ikiwaka usiku na mchana ikitunza faili za wateja na hesabu za duka. Nimezunguka mjini nikaonyeshwa Dell OptiPlex 755 ya Core 2 Duo E8400 yenye RAM ya GB 4 kwa shilingi 6,000. HP Compaq 8300 ya i5-3470, GB 8, kwa 13,000. ThinkPad X230 ya i5-3320M, GB 8, kwa 15,000. Na HP EliteDesk 800 G2 mini ya i5-6500T, GB 8, kwa 17,000. Jirani yangu naye ana Sun Ultra 10 aliyoipata kwenye mnada wa vifaa vya chuo. Anasema hiyo ndiyo Unix halisi, na atanipa kwa 3,000. Stima hapa hupotea mara kwa mara. Nichukue ipi?

Jibu:

Ndugu, chukua ile mini ya 17,000. Kama kujifunza ndiko kunakokushughulisha zaidi, na ungependa jioni uondoke na mashine yako kwapani, chukua X230. HP 8300 inamfaa mtu mwenye sababu maalumu, nami nitaitaja. OptiPlex 755 iache hapo ilipo hata muuzaji akishuka hadi 4,000. Ultra 10 ina habari zake.

Ghali hapa ndiyo rahisi kwa sababu umesema mashine itawaka usiku na mchana. FreeBSD na OpenBSD zenyewe hazina tamaa: mfumo wa maandishi matupu, bila madirisha ya picha, hutosheka na RAM ya MB mia kadhaa, na mashine zote nne za Intel zitauendesha bila shida. Tofauti ya kasi utaiona siku utakapokusanya programu kubwa kutoka kwenye msimbo wake. Tofauti ya stima utaiona kila ukinunua tokeni.

Tufanye hesabu. Chukua ujumbe wa tokeni yako ya mwisho, gawa pesa ulizolipa kwa uniti ulizopewa, upate bei yako halisi; mimi nitatumia shilingi 25 kwa uniti ili hesabu iende. Kompyuta ya ofisini ya kizazi cha Core 2 Duo, ikikaa tu bila kazi, hula wati 50 hadi 60. 8300 ya i5-3470 hula kama 30. X230 iliyozimwa skrini, na mini ya i5-6500T, kila moja hula kama 10. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Wati 55 ni uniti 39.6, yaani shilingi 990. Wati 30 ni uniti 21.6, shilingi 540. Wati 10 ni uniti 7.2, shilingi 180. Kwa hiyo 755 inakula shilingi 810 zaidi ya mini kila mwezi, na ile tofauti ya bei ya 11,000 inarudi mwezi wa 14. Ukiipima mini na 8300, tofauti ya 4,000 inarudi mwezi wa 12. Baada ya hapo unaokoa.

Wati hizo hizo ndizo zinazoamua UPS yako itakubeba kwa muda gani. UPS ndogo ya 650 VA huwa na betri moja ya volti 12, Ah 7 hivi, ambayo ni kama Wh 84 ikiwa mpya, na sehemu ya hizo hupotea ndani ya UPS yenyewe. Mini pamoja na ruta ni wati 20. Utapata zaidi ya saa moja. Weka 755 na skrini yake, na utakuwa unaikimbilia kuizima.

Sasa kuhusu 755 yenyewe, maana najua 6,000 inavutia. Kwanza, inatumia DDR2 na haivuki GB 8. Vipande vya GB 2 vinapatikana kwa mafundi, lakini kila GB utailipia zaidi kuliko ya DDR3. Pili, prosesa za Core 2 hazina EPT, ule uwezo wa kugawa kumbukumbu kwa mashine pepe ndani ya chipu. Bhyve ya FreeBSD na vmm ya OpenBSD, zile zinazoendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), zote zinaudai. Kwa anayejifunza hilo ni pengo kubwa, kwa sababu njia nzuri ya kujifunza ni kuwa na mashine pepe tatu nne za kuharibu na kutengeneza upya huku faili za wateja zikikaa salama. Tatu, haina maagizo ya AES ndani ya prosesa, kwa hiyo kusimba diski au kuendesha VPN kunakula nguvu nyingi ya prosesa. Na ikiwa siku moja utataka kujaribu Linux ya makampuni, Red Hat Enterprise Linux 9 inadai kiwango cha x86-64-v2, yaani orodha ya maagizo ambayo prosesa lazima iyajue, ambacho Core 2 haikifikii. Toleo la 10 linadai v3, ambalo kati ya mashine ulizotaja ni mini peke yake inayolifikia. X230 na 8300 zinaishia v2.

Kuhusu mashine za biti 32, kama zile Pentium 4 zinazouzwa kwa bei ya nyanya: FreeBSD 15 haitoi tena toleo la i386, na Debian 13 nayo imeacha kutoa kisakinishi chake. OpenBSD na NetBSD bado zinazihudumia. Usinunue.

Ultra 10 ni mashine ya mwaka 1998, prosesa yake ni UltraSPARC-IIi ya kati ya MHz 300 na 440, RAM haivuki GB 1, na diski zake ni za IDE. Jirani hasemi uongo kwamba ilizaliwa kwa ajili ya Solaris, Unix ya kampuni ya Sun yenyewe, lakini Solaris 11 haiikubali. Utabaki na Solaris 10 ya 2005, isiyofaa kuwekwa kwenye mtandao wa duka. FreeBSD iliacha sparc64 kuanzia toleo la 13. OpenBSD ndiyo bado inaishi humo vizuri. Kabla hujatoa 3,000 mwulize jirani kama ina kibodi yake, kwa sababu haichukui USB wala PS/2; inataka ile ya Sun yenye kizibo cha pini nane. Usipokuwa nayo, mashine itahamishia mazungumzo yake kwenye mlango wa serial A, kasi 9600, biti 8, bila pariti, nawe utahitaji waya wa serial wa kizibo cha pini 25. Kisha kuna ile chipu ya NVRAM yenye betri ndani yake. Kwa umri huu betri hiyo imekufa, na mashine itawaka ikisema yaliyomo kwenye IDPROM si halali, anwani yake ya mtandao ikawa ff:ff:ff:ff:ff:ff. Inatengenezeka kwa amri za mkp kwenye alama ya ok, lakini bila kubadilisha chipu utazirudia kila mashine ikichomolewa. Kwa mtu anayeandika programu za C, mashine inayopanga baiti kinyume na Intel ni mwalimu mkali na mzuri. Kwa kutunza faili za wateja, hapana.

HP 8300 ni mashine imara, na kosa lake ni stima tu. Ina sloti nne za DDR3 zinazofika GB 32, nafasi ya diski kubwa za inchi 3.5, na sloti za PCIe. Sababu maalumu niliyoitaja ni hiyo: ukitaka kuhifadhi TB kadhaa kwenye diski za kawaida, au ukitaka kuongeza kadi ya mtandao ya milango miwili ili iwe ruta na ukuta wa moto wa saiba nzima kwa pf, kichujio cha mtandao cha OpenBSD, mini haina mahali pa kuweka vitu hivyo. Ukiichukua, hakikisha kama ni ile nyembamba au ile kubwa, maana nyembamba inataka kadi fupi. Na soma jina la prosesa kwa macho yako. Masanduku haya haya hutoka na i3, na i3 za mezani za kizazi cha pili na cha tatu hazina maagizo ya AES.

X230 inapendwa na watu wa OpenBSD kwa sababu ya kawaida kabisa: karibu kila kitu ndani yake kina draiva. Kadi ya waya ni Intel 82579LM, inayoonekana kama em0. Wi-Fi huwa Intel 6205, inayoendeshwa na iwn kwenye mifumo yote miwili. Picha ni za Intel HD 4000. OpenBSD inazo tayari, na FreeBSD inataka:

pkg install drm-kmod
sysrc kld_list+=i915kms
pw groupmod video -m jinalako

RAM inafika GB 16 kwa vipande viwili vya DDR3. Diski ni ya inchi 2.5, lakini yenye unene wa milimita 7. Ile ya 9.5 haiingii. Kuna sloti ya mSATA inayokubali diski ya pili ndogo, ingawa kwa nusu ya kasi ya ile kuu. Vitu viwili vinawashtua wanunuzi. Ukibadilisha kadi ya Wi-Fi kwa nyingine isiyo kwenye orodha ya Lenovo, mashine inakataa kuwaka na kuonyesha kosa la 1802. Na betri isiyo halisi inatambuliwa: mashine inaonya, kisha haiichaji. Zile betri za bei nafuu zinazouzwa mtaani zitafanya kazi hadi zikauke, basi. Ukionyeshwa X220 au T420 badala yake, ni nzuri pia, ila kwenye kisakinishi cha FreeBSD chagua mpangilio wa diski ulioandikwa «GPT + Lenovo Fix», la sivyo BIOS yake haitaona diski ya kuwakia.

Je, X230 inaweza kuwa seva ya duka, maana betri yake ni UPS ya bure? Inaweza, kwa masharti. Betri inayokaa kwenye chaja kwa asilimia 100 mwaka mzima, katika joto la Kisumu, huvimba. OpenBSD za karibuni zinakuruhusu kuweka hw.battery.chargestop=80 kwenye /etc/sysctl.conf, na machdep.lidaction=0 ili kufunga kifuniko kusiilaze mashine. Usifunge kifuniko kabisa lakini. Acha upenyo, joto lipate pa kutokea.

Mini ndiyo niliyoichagua kwa ajili yako, na si kwa sababu ya umbo lake. i5-6500T ina viini vinne vya GHz 2.5 na kikomo cha joto cha wati 35. Ina AES, ina EPT, ina AVX2. RAM ni DDR4 ya laptopu, sloti mbili. Kadi ya mtandao ni Intel I219-LM, tena em0. Jambo la maana zaidi kwako ni kwamba ndani kuna sloti ya M.2 ya NVMe na pia nafasi ya diski ya inchi 2.5. Diski mbili maana yake ni pacha: moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi na wateja hawajui. Hilo X230 inaliweza kwa kubanabana, na wauzaji hawakuelezi kwa sababu wao wanauza prosesa na RAM.

Chaja yake ni tofali la nje la volti 19.5. Dai litolewe pamoja na mashine, likiwa la HP, la wati 65. Ukipewa la mtaani, kizibo kinaweza kuingia na mashine ikawaka lakini ikafanya kazi kwa kasi ya kobe.

Nenda dukani na flashi mbili: moja ya FreeBSD memstick (GB 8 inatosha), nyingine ya SystemRescue. Kama unaziandika kwa Windows kwa kutumia Rufus, chagua hali ya DD. Kwenye HP bonyeza F9 kuchagua flashi. Kwenye Lenovo na Dell ni F12. Muuzaji akikataa kuwasha mashine kwa flashi yako, toka, barabara ya Oginga Odinga ni ndefu.

Kabla ya flashi, ingia BIOS: F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell. Ikidai nenosiri, biashara imekwisha. Mashine hizi, zile wanazoziita ex-UK, zilitoka kwenye maofisi yaliyozifunga. Kwenye X230 nenosiri la msimamizi linakaa ndani ya chipu ya EEPROM. Kutoa betri ya CR2032 hakusaidii kitu, na fundi atakayekuambia «nitaitoa dakika tano» huenda akakurudishia bodi kuu iliyokufa. 8300 ina jampa ya kufuta nenosiri, kwa hiyo hapo kuna nafuu. Ukiwa humo BIOS tazama pia Computrace, ile ya kufuatilia mashine iliyoibwa. Ikiwa imewashwa kwa kudumu, huenda mashine bado ina mwenyewe.

Halafu washa FreeBSD, chagua Shell badala ya Install, uandike:

sysctl hw.model hw.ncpu hw.physmem
pciconf -lv | less
kldload coretemp
sysctl dev.cpu | grep temperature

Amri ya kwanza inakuonyesha prosesa na RAM za kweli. Ya pili inaorodhesha kadi: tafuta em0 kwa mtandao. Ukiona none mbele ya kadi ya Wi-Fi, haina draiva. Mara nyingi ni Broadcom. Ukikutana na mashine yenye kadi ya Realtek huko mbele, si mwisho wa dunia, lakini draiva ya re imewahi kuwasumbua wengi kwa kuganda chini ya mzigo, na ndiyo maana nimesisitiza Intel. Joto: mini ikiwa haina kazi isizidi nyuzi 50 hivi. Ikianzia 65 na kupanda, pesti ya joto imekauka au feni imejaa vumbi. Hiyo si sababu ya kuiacha, ni sababu ya kuomba punguzo. Pesti ni ya bei ndogo na kazi ni ya nusu saa.

Kwa diski, washa SystemRescue na uandike smartctl -a /dev/sda. Tazama safu ya 5, 197 na 198. Zote ziwe sifuri. Safu ya 199 ikiwa na namba kubwa, kosa huwa ni la waya. Safu ya 9 ni saa ilizowaka. Lakini nakushauri uihesabu diski inayokuja na mashine kuwa ya majaribio tu. Za wateja nunua mpya, za chapa inayojulikana, na bora ziwe za chapa mbili tofauti, zisije zikafa wiki moja. RAM ipime kwa memtest86+ iliyo kwenye flashi hiyo hiyo. Mzunguko mmoja wa GB 8 unaweza kuchukua saa nzima, kwa hiyo mwombe muuzaji siku mbili za kurudisha, aandike kwenye risiti.

Mfumo gani basi? Kwa seva ya duka, Kisumu, FreeBSD na ZFS, mfumo wake wa faili. OpenBSD naipenda kwa usafi wake na kwa kurasa zake za man, ambazo ni kitabu cha kiada tosha, lakini mfumo wake wa faili hauna jarida, yaani daftari la mabadiliko yanayoendelea. Stima ikikatika ghafla, ikirudi fsck, mkaguzi wa diski, itapitia diski nzima, na wakati mwingine itasimama ikikungoja uijibu. ZFS huandika kizuizi kipya kando kabla ya kuachana na cha zamani, kwa hiyo ikikatwa katikati inabaki na hali ya mwisho iliyokuwa sahihi. Unapoteza sekunde chache za kazi. OpenBSD iendeshe ndani ya bhyve kwenye mashine hiyo hiyo, uvunje utakavyo.

Kwenye BIOS ya mini, kabla ya kusakinisha: zima Secure Boot, maana FreeBSD haipiti hapo, weka diski kwenye AHCI, si RAID, na tafuta «After Power Loss» uiweke «On», ili stima ikirudi saa nane usiku mashine ijiwashe. Kisakinishini chagua Auto (ZFS), aina ya kundi «mirror», kisha weka alama kwenye diski zote mbili, nda0 au nvd0 na ada0. Zikitofautiana ukubwa, ile ndogo ndiyo inayohesabiwa. Hapo pia utaulizwa kama unataka kusimba diski. Usikubali. Ukisimba diski nzima, mashine ikijiwasha usiku itasimama ikingoja nenosiri, na asubuhi utakuta wafanyakazi wanakutafuta. Baadaye simba sehemu moja tu:

zfs create -o encryption=on -o keyformat=passphrase zroot/wateja

RAM ya GB 8 inatosha kwa kazi hii. ZFS itachukua sehemu kubwa ya RAM kama akiba, na hilo ni jambo jema hadi uanzishe mashine pepe; basi iwekee mpaka kwenye /boot/loader.conf:

vfs.zfs.arc.max="2G"

Ili kuzipata zile wati 10 nilizozihesabu, weka mstari huu kwenye /etc/rc.conf, prosesa iruhusiwe kulala usingizi mzito zaidi:

performance_cx_lowest="Cmax"

Na kwenye /etc/periodic.conf:

daily_scrub_zfs_enable="YES"

ili diski zikaguliwe zenyewe. Kabla ya kufunga duka, zfs snapshot zroot/wateja@ na tarehe ya siku (picha ya faili zilivyo wakati huo), kupitia cron, inayoendesha amri kwa ratiba. Mfanyakazi akifuta faili ya mteja kwa bahati mbaya, unaichukua kwenye .zfs/snapshot bila kumpigia mtu simu. Diski pacha si nakala rudufu, hata hivyo: mwizi akibeba mini, amebeba zote mbili. Nunua diski ya USB, ipelekee zfs send mara moja kwa wiki, ilale nyumbani.

Kama mtandao utaganda unaponakili faili kubwa, na dmesg ikalia kuhusu em0, jaribu ifconfig em0 -tso kabla ya kulaumu waya. Chipu za I218 na I219 zina tabia hiyo.

UPS nunua yenye tundu la USB, si ile ya taa mbili tu. Kisha pkg install nut, programu inayozungumza na UPS, na uiambie izime mashine betri ikibaki kidogo. Nyingi za bei nafuu zinaendeshwa na nutdrv_qx, zile nyingine na usbhid-ups, nut-scanner itakuambia. Bila USB, UPS inakuongezea dakika tu kisha mashine inakufa kifo kile kile.

Radi ndiyo inayoua mashine nyingi kuanzia Kisumu hadi Kakamega, na wakati mwingine haipiti kwenye stima. Inapita kwenye waya wa mtandao. Ikiwa umevuta waya wa shaba nje, kutoka duka moja hadi jingine, mawingu yakijikusanya jioni huo ndio mlango. Kati ya majengo tumia faiba au Wi-Fi. Mwite fundi wa stima apime ethi ya soketi yako. Kwenye majengo mengi ile pini ya tatu haijaunganishwa na chochote, na kinga ya radi iliyochomekwa hapo ni pambo. Mini iweke juu ya rafu, mbali na dirisha na taa, kwa sababu wale wadudu wa ziwani hufuata mwanga wa usiku na feni huwavuta ndani. Ifungue uipulize kila baada ya miezi mitatu minne.

Limebaki moja ambalo wanunuzi wa mashine za ofisini karibu wote hulisahau. 8300, X230 na mini zinaweza kuja na Intel AMT, kompyuta ndogo ndani ya chipu inayoruhusu ofisi ya zamani kuiendesha mashine kwa mbali hata ikiwa imezimwa. Mei 2017 Intel ilitangaza tundu ndani yake, kwa matoleo ya 6 hadi 11.6, lililomruhusu mtu aliye kwenye mtandao kuingia bila nenosiri, na mashine zako zote tatu ni za enzi hiyo. Sakinisha BIOS mpya kabisa iliyopo kwa mashine yako, kisha ukiwasha bonyeza Ctrl+P, uingie MEBx, menyu ya mipangilio ya AMT, nenosiri la kiwandani likiwa admin, uiondoe AMT kazini. Nenosiri likikataa, kwenye BIOS tafuta chaguo la kurudisha MEBx kwenye hali ya kiwandani. Halafu, ukiwa kwenye kompyuta nyingine ya saiba:

nc -vz anwani-ya-mini 16992

Mlango ukifunguka, AMT bado iko hai; rudi MEBx. Ukikataliwa, anza kusakinisha.